Godoro Lisilonukia Jua

Godoro likitoka juani lina harufu yake. Ni harufu kavu, tamu kidogo, kama ya mahindi yaliyoanikwa juu ya jiwe, na ukililalia kifudifudi inakuingia puani mpaka macho yanakuwa mazito yenyewe. Mimi kila siku saa kumi na moja jioni naingiza godoro la mdogo wangu Mbuke kutoka uani, hapa kwangu Bariadi mjini. Nalibeba kichwani, na kila siku harufu ile inanishukia usoni. Mwingine ingempumzisha. Mimi inanirudisha kijijini kwetu Ngulyati, nikiwa na miaka kumi na moja, na huko sipendi kurudi.

Naandika haya nyuma ya daftari la mwanangu, kwenye kurasa alizoacha. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka. Pia sina uhakika kama kila ninachokumbuka kilikuwa hivyohivyo. Najaribu kumpa kila mtu haki yake. Kuna mmoja simwezi, mtamjua mbele.

Kwa nyumba ya Kisukuma, sisi tulikuwa wachache. Kaka zetu wawili walikuwa Meatu na ng'ombe, wamefuata malisho. Mama alikuwa Lamadi kwenye biashara ya dagaa, anarudi mara moja kwa mwezi, na akija tunajua siku mbili tutakula mpaka tuchoke. Tuliobaki nyumbani ni Baba, mkulima wa pamba, Maama, ndivyo tulivyomwita bibi yetu mzaa baba, mimi Limi, na Mbuke, wa miaka mitano, mwenye maneno mengi kuliko sisi watatu tukijumlishwa.

Kwa Maama, kulala ilikuwa kazi yenye hatua zake, kama kupanda pamba. Huwezi kuparamia. Jua likishazama, chai hairuhusiwi, hata ya rangi, hata kama mgeni kaja na sukari. Halafu maji ya vuguvugu kwenye karai, tunanawa miguu, tena siyo kumwagia tu. Unasugua kisigino kwa jiwe. Akitukausha kwa kanga yake kuukuu anatupaka samli kidogo kwenye nyayo. Mpaka leo sijui samli ile ilikuwa ya nini. Ilikuwa inateleza, na tulicheka kwa sababu ya kutekenywa.

"Miguu michafu inatembea usiku," alikuwa akituambia. "Wewe umelala, yenyewe inaondoka. Asubuhi unaamka umechoka, hujui ilikuwa wapi."

Mbuke aliyaamini haya moja kwa moja. Siku moja aligoma kunawa kwa sababu ya baridi, na ili miguu isije ikamtoroka, akaifunga yote miwili kwenye tendegu la kitanda kwa kamba ya ndama. Asubuhi akabanwa na haja, akaruka kukimbilia nje, akaanguka puu, mdomo kwenye sakafu. Maama alicheka mpaka akakaa chini.

"Umeona sasa? Ilikuwa inataka kwenda!"

"Ilikuwa inakwenda chooni, Maama!" Mbuke alilia. "Ilikuwa inanipeleka mimi mwenyewe!"

Hatua kubwa kuliko zote ilikuwa godoro. Lilikuwa ni magunia mawili yaliyoshonwa pamoja, ndani mmejazwa pamba yetu wenyewe, ile fifi, yenye madoa na takataka, isiyopata bei nzuri ghalani. Pamba ya namna hiyo, na mbegu zake ndani, inapenda kunywa unyevu, na kunguni wanaipenda. Kwa hiyo kila asubuhi, mvua isiponyesha, godoro lilitolewa likaanikwa juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Mchana linageuzwa. Jioni, kabla umande haujashuka, linapigwa kwa fimbo na kuingizwa. Kazi hiyo tulisaidiana mimi na Maama, yeye kichwani, mimi miguuni, kama watu wanaobeba mgonjwa.

Na ya mwisho ilikuwa swali. Tukishalala, Maama anasimama mlangoni, koroboi mkononi, anaanza na mdogo.

"Mbuke. Kuna kinachokuuma?"

"Mhola, Maama."

Yaani ni salama. Kama hakuna salama unasema: sikio, jino, tumbo, hata moyo. Mbuke aliwahi kusema kinachomuuma ni mbuzi wetu mweupe kuuzwa, na Maama akaja akakaa kitandani, wakaongea habari za mbuzi yule mpaka zikaisha. Kisha ananigeukia mimi.

"Limi. Kuna kinachokuuma?"

"Mhola, Maama."

Halafu mimi, kwa kuwa ni mkubwa, namuuliza yeye. Naye kila siku alijibu mhola. Hapo ndipo koroboi linazimwa, na ule moshi wa mafuta ya taa wa mwisho unabaki unazunguka kidogo, na tunalala.

Mwaka ninaousema, wakati wa kupulizia pamba dawa ya wadudu, ilikuja habari kutoka Mwanhuzi kwamba shangazi yetu aliyeolewa kule amejifungua kwa shida na hana mtu wa kumsaidia. Maama akafunga kitenge chake. Kabla ya kuondoka aliniita kando.

"Limi, mimi naenda. Sasa wewe ndiye mimi. Miguu, godoro, na kumuuliza mtoto. Umesikia?"

"Nimesikia, Maama."

"Godoro ni zito. Mwambie baba yako akusaidie."

Baba alikuwa anaondoka alfajiri na bomba la dawa mgongoni, anarudi jioni nguo zimelowa dawa na jasho. Sikumwambia. Nisiseme kwamba nilimhurumia, sina hakika. Nafikiri niliona aibu kuonekana siwezi. Siku za mwanzo nililiburuta mwenyewe, Mbuke akisukuma nyuma huku akitoa amri kama msimamizi wa barabara. Wiki ya kwanza nilifanya kila siku. Ya pili, siku moja moja. Tukitoka shule wenzangu walikuwa wanacheza rede karibu na kisima cha pampu, na nilikuwa mzuri kwenye rede, nakwepa mpira kama kuku anayekwepa jiwe. Mwenye godoro la kuingiza jioni hawezi kucheza mpaka jua linazama. Basi nikaanza kutandika shuka vizuri juu yake, nalipigapiga kwa kiganja, na ukiliangalia kutoka mlangoni ungesema limetoka nje sasa hivi.

Maama alikaa Mwanhuzi muda mrefu kuliko tulivyofikiri, zaidi ya mwezi, na Mama naye mwezi ule hakufika. Mvua nazo zilikuwa zinakuja na kuondoka. Tukaanza kujikuna. Mwanzo kidogo, halafu Mbuke akawa anaamka na vipele mistari mistari shingoni, ana usingizi mchana kutwa, analala kwenye sahani. Baba alimwinua mkono, akautazama.

"Kunguni hawa," alisema. "Limi, godoro mnaanika?"

"Tunaanika, Baba."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata leo."

Mbuke alikuwa amekaa palepale anakula kiazi. Alinitazama, akaendelea kula kiazi.

Baba alitikisa kichwa. "Basi kama jua limewashindwa, hawa wanataka dawa."

Nataka niwe mkweli kwa Baba, kwa sababu wengi hawakuwa. Hakuwa mzembe. Bwana shamba alikuja kijijini akawafundisha vipimo vya shambani, lakini habari za kitandani hakuna aliyewafundisha. Majirani wawili ninaowajua walikuwa wamepulizia vitanda vyao kwa dawa ya pamba, na wao walilala, wakaamka, wakasema hakuna tena kunguni. Baba alikuwa na bomba, alikuwa na dawa iliyobaki, na alikuwa na mtoto anayelala kwenye sahani. Angekuwa anajua kwamba godoro halijaona jua majuma matatu, angelibeba kwa mkono mmoja akalipeleka kwenye jiwe. Nimelifikiria hili mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara linaishia hapohapo.

Alipulizia alasiri. Alipulizia kitanda, nyufa za ukuta, godoro juu na pembeni. Aliongeza dawa kidogo kupita kipimo, kwa sababu kunguni ni sugu. Akafunga dirisha ili dawa ishike. Jioni aliligusa godoro kwa kiganja, akaona juu limekauka, akatuita akiwa amefurahi.

"Leo mtalala kama watu."

Alikwenda kulala mapema, amechoka. Mimi sikumnawisha Mbuke miguu. Tangu Maama aondoke tulikuwa tumeshaacha hilo pia. Chumba kilinuka, harufu kali inayokwaruza koo. Na hapa nasema jambo ambalo sijawahi kulisema: harufu ile ilinikera, nikachukua mkeka nikajitandikia chini, kichwa mlangoni, ambako hewa ilikuwa inapita. Mbuke nikamwacha kitandani. Sikufikiri kwamba ni sumu. Naapa sikufikiri. Nilifikiri ni harufu tu, na kwamba mimi mkubwa nina haki ya kuchagua.

Nilipotaka kuzima koroboi, akaniita.

"Limi. Hujaniuliza."

"Nikuulize nini?"

"Kile cha Maama."

"Maama yuko Mwanhuzi. Nyamaza ulale."

Akanyamaza. Halafu tena: "Limi, macho yanawasha."

"Yafumbe."

Nilizima. Nilimsikia akimeza mate, anameza na kumeza, na nikamwona msumbufu. Kisha nikalala. Nililala vizuri sana, sikuumwa na kunguni hata mmoja.

Alfajiri Baba alipopita kwenda shambani alisikia kitanda kinagonga ukuta. Mbuke alikuwa anatikisika mwili mzima, mate yamejaa mpaka shingoni, amelowa jasho na mkojo, macho wazi lakini hayaoni. Baba alimnyanyua, akajifunga naye mgongoni kwa kitenge kama mwanamke, akapanda baiskeli. Nilikimbia nyuma yao mpaka njia panda, nikasimama. Ninachokumbuka zaidi ni nyayo zake, zimening'inia pande mbili za mgongo wa Baba. Zilikuwa chafu.

Alilazwa mjini siku nyingi, Mama akaitwa kutoka Lamadi kumuuguza. Alipona, yaani hakufa. Alirudi mtoto mwingine. Maneno yote yale yalikuwa yamekwenda; neno moja alikuwa analitafuta kama mtu anayetafuta shilingi gizani. Mkono wa kushoto unatetemeka, na kifafa kikaanza. Daktari mmoja alisema ni dawa, ubongo ulikosa hewa. Mwingine, miaka ya baadaye, alisema hawezi kuthibitisha, huenda mtoto alikuwa nacho tangu mwanzo kikasubiri. Wapo majirani waliosema amerogwa, na Baba akampeleka kwa mganga pia, kwa sababu mtu akiogopa anagonga kila mlango. Sijui yupi alikuwa sahihi. Najua alivyokuwa jana yake.

Maama alirudi kabla Mbuke hajatoka hospitali. Hakumgombeza Baba. Alimkuta amekaa chini ya dirisha, akamgusa bega, akapita. Alikwenda chumbani, akalikamata godoro kwa pembe, akaniita nishike upande wa pili. Tulilitoa kama zamani, yeye kichwani, mimi miguuni, mpaka nyuma ya nyumba. Akalipindua.

Upande wa chini, pale lilipokuwa linagusa kamba za kitanda, lilikuwa limeota ukungu, mweusi na kijani, mistari mistari kama ramani ya kamba zenyewe. Ukungu wa aina ile hauoti kwa siku mbili.

"Nani alikuwa anaanika?"

"Mimi, Maama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Alinitazama. Hakuwa na hasira usoni, afadhali angekuwa nayo.

"Haya," alisema. Akachukua kiberiti, akalichoma.

Mbuke aliporudi, Maama alianza upya hatua zote. Karai, kisigino, samli. Godoro jipya akawa analitoa na Baba. Na usiku ule wa kwanza alisimama mlangoni na koroboi.

"Mbuke. Kuna kinachokuuma?"

"M-mhola."

"Mbuke. Kuna kinachokuuma?"

"Mhola."

Na mimi nikajiandaa kujibu. Nilikuwa nimeshaamua kwamba akiniuliza nitasema yote, godoro, rede, mkeka, yote. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Akazima koroboi.

Tangu siku hiyo alimuuliza Mbuke mara mbili, na mimi hakuniuliza tena. Miaka saba, mpaka alipofariki. Nikiwa mtoto nilijiambia kwamba ameniona nimekuwa mkubwa, wakubwa hawaulizwi, na nilijivuna kidogo. Nilikuja kuelewa baadaye, nikiwa na watoto wangu mwenyewe, kwamba alikuwa anajua, na kwamba alikuwa ananipa nafasi ya kusema bila kuulizwa. Au alikuwa ananiadhibu. Au labda, nami lazima niseme hivi kwa haki, alikuwa bibi mzee mwenye mtoto mgonjwa, akasahau. Hilo la tatu ndilo ningelipenda, na ndilo nisiloliamini.

Baba yeye aliubeba mzigo wote. Kijijini aliitwa yule aliyempulizia mwanawe dawa. Alisikia na hakubisha. Hakupata tena usingizi kamili. Kabla hajafariki nilikwenda kumuuguza, akanishika mkono.

"Limi mwanangu. Mimi nilitaka mlale tu."

"Najua, Baba."

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Nilimrekebishia mto.

Sasa Mbuke anaishi na mimi. Akikosa usingizi siku mbili, kifafa kinamrudia, ameshaungua mkono jikoni, ameshavunja jino. Mwaka huu kwenye kliniki nesi kijana alinikalisha.

"Dada, dawa peke yake haitoshi. Huyu anahitaji utaratibu wa kulala. Kila siku saa ileile, usibadilishe."

Akanipa karatasi. Nilisoma taratibu, kwa kidole. Asinywe chai wala kahawa jioni. Aoge maji ya uvuguvugu. Kitanda kiwe safi, matandiko yaanikwe juani. Taa izimwe, simu zikae mbali. Kabla hajalala, ongea naye kwa upole, mjue kama kuna kinachomsumbua.

"Umeelewa, dada?"

"Nimeelewa."

"Ni vigumu kidogo mwanzoni, lakini mtazoea."

Nilitamani kumwambia kuna bibi mmoja asiyejua kusoma aliyekwisha kunipa karatasi hii, nikaichana. Nilisema asante. Na niwe mkweli, utaratibu unafanya kazi. Tangu tuanze, kifafa kimemjia mara mbili tu.

Basi kila jioni ndiyo hivyo. Naingiza godoro, namnawisha miguu kwenye beseni, ni miguu ya mwanamke mzima sasa, ina nyufa. Samli nimeipata sokoni. Nasimama mlangoni.

"Mbuke. Kuna kinachokuuma?"

"Mhola."

Kisha nauliza tena.

Wiki iliyopita, sijui nilipatwa na nini, nilikwenda nikakaa kitandani kwake baada ya lile jibu la pili. Sote tulikuwa tunaamini hakumbuki kitu cha kabla ya hospitali. Labda ndiyo maana nilithubutu. Nilimwambia yote. Kwamba sikuanika. Kwamba nilimdanganya Baba. Kwamba nilichukua mkeka. Nilisema haraka haraka kama mtoto anayesoma asichokielewa, mpaka nikamaliza.

Alilitafuta neno. Nilimsubiri.

"Nilijua," alisema. "Hali... halikunukia jua."

Hakusema zaidi. Hakuniangalia vibaya, wala vizuri. Aligeukia ukutani, akavuta shuka.

Nilirudi mlangoni. Kwa utaratibu wa Maama, mtoto mkubwa akishajibu naye anamuuliza anayeuliza, na humu ndani mtoto wa kujibu ni yeye peke yake. Nilisimama mkono kwenye swichi, nikasikiliza kama ataniuliza. Kila usiku nasimama hivyo kidogo. Halafu nazima taa.